Mbuzi Ana Mwenyewe, Shamba la Bibi Je?

NENO LA MNADANI
Na Mwanamnada

Jumamosi iliyopita nilikwenda mnada wa Msalato, na wasomaji wa safu hii wanajua nikifika pale huanzia wapi: kwa wachoma mbuzi, kabla ya mitumba, kabla ya ndoo na sufuria. Safari hii nyama ilinishinda.

Nilipita njia ya nyuma, ile ya kwenye minyaa, nikamkuta bibi mmoja tunayefahamiana miaka mingi. Amesimama katikati ya shamba lake, kanga kiunoni, jembe mkononi. Mbele yake vijana watatu wanagonga vigingi kwenye mabua ya mtama aliokwisha kuuvuna. Kamba wameivuta kutoka kwenye mbuyu hadi kichwani mwa kaburi la mumewe. Kichwani mwa kaburi! Dalali aliyewaleta yuko kando, anaongea na simu.

"Wajukuu zangu, nani kawapa ruhusa?" bibi akauliza.

Dalali hakuishusha hata simu sikioni. "Bibi, una hati? Ardhi yote ni ya serikali."

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka ninapoandika haya. Tangu uwanja mpya wa ndege uanze kujengwa Msalato na bei ya viwanja ikapanda, maneno hayo ndiyo yamekuwa ufunguo wa kuingilia shamba la kila asiyejua kusoma. Anayeyasema ameokota kipande cha sheria akakigeuza panga. Ni kweli, Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ameishikilia kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mdhamini! Anayedhaminiwa ni bibi yule. Sheria hiyo hiyo inataka mtu anayeondolewa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati, hata kama alichonacho ni matumizi ya kimila ya miaka mingi yasiyo na karatasi. Na kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma ni mamlaka ya Rais. Dalali mwenye kamba ya katani ameyatoa wapi?

Jambo hili lilikwisha kuamuliwa zamani. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, ilisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, na inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Ikaongeza kwamba aliyetia jasho lake kwenye ardhi anastahili fidia akinyang'anywa, hata kama hajajenga kitu juu yake. Bibi yule aling'oa visiki vya shamba lile yeye na mumewe, mume akazikwa humo humo. Jasho gani jingine linatakiwa?

Hatua chache kutoka pale, mnadani, hakuna anayegusa kamba ya mbuzi kabla ya kuuliza ni wa nani. Ng'ombe hapandi lori bila kibali. Mwizi wa kuku tungemkimbiza mpaka Makutupora. Lakini mtu anaingia na buti kwenye shamba lililolisha watoto saba, na majirani wanachungulia kupitia minyaa wakinyamaza! Hao majirani nawalaumu kuliko dalali. Yeye anatafuta pesa. Wao wanasubiri zamu yao.

Wenyeviti wa mitaa, mihuri yenu ndiyo inayotafutwa na watu hawa. Msigonge muhuri juu ya shamba ambalo hamjakanyaga wala hamjamsikia mwenyewe.

Vigingi vilikuwa kumi na vinne. Tuliving'oa mimi na bibi, kimoja baada ya kingine, dalali akitutazama. Viko jikoni kwa bibi, kando ya mafiga. Akivitaka, aende akapige hodi.