Figo za "Kawaida" na Lugha ya Bahasha

Katika mtaa ninaokaa mjini Ruiru, majirani huniita Daktari. Shahada yangu ni ya isimu, na maradhi pekee niwezayo kuyatibu ni ya sentensi iliyovunjika upatanisho wake wa kisarufi, lakini jina likishakwama vinywani mwa watu halibanduki kwa urahisi. Ndiyo maana jioni moja mzee mmoja jirani yangu, aliyestaafu kutoka shamba la kahawa, alibisha hodi akiwa na bahasha kubwa ya kaki kwapani. "Daktari," aliniambia baada ya salamu, "hebu nisomee hii, wewe mtu wa vitabu."

Bahasha hiyo ilitoka katika kituo kimoja cha kupigia picha za mwili kando ya barabara ya kwenda Thika. Ndani mlikuwa na picha mbili za rangi ya moshi na karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiingereza kuanzia herufi ya kwanza hadi sahihi ya mwisho. Figo ya kulia ilikuwa na urefu wa sentimita 10.6 na ya kushoto 10.9. Ukubwa, ilisema karatasi, ni wa kawaida. Mzee alilijua tayari neno hilo, maadam mhudumu alikuwa amemtamkia kwa mkato alipokuwa akijifuta tumbo: "Ziko kawaida, mzee." Alichotaka kwangu ni uthibitisho. Anaugua kisukari kwa muda wa miaka kumi na miwili sasa. "Basi kama figo ni nzima," aliniuliza, "zile dawa si naweza kuzipumzisha kidogo?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi, na naamini kwamba mwalimu yeyote anayesoma safu hii angekosa usingizi vilevile. Mzee hakuwa mjinga. Alisikia neno la lugha yake na akalielewa kama mzawa wa lugha yoyote anavyolielewa neno. Kosa lilikuwa kwingine.

Tuanze na kipimo chenyewe. Mpimaji humlaza mgonjwa, akampaka ubavuni ute baridi, kisha akatelezesha juu yake kifaa kinachopeleka mwilini mawimbi ya sauti yenye kasi ya mtetemo isiyosikika na sikio la binadamu. Mawimbi hayo yakigonga viungo hurudi kama mwangwi, na mashine huugeuza mwangwi kuwa picha. Mpimaji humwomba mgonjwa azuie pumzi, akaisimamisha picha, akaweka alama moja kwenye ncha ya juu ya figo na nyingine kwenye ncha ya chini. Mashine huhesabu umbali uliopo kati ya alama hizo mbili, na huo ndio urefu unaoandikwa katika karatasi. Mkono ukiinama kidogo, picha hukata figo mshazari na figo huonekana fupi kuliko ilivyo. Wapimaji wawili stadi wanaweza kumpima mtu mmoja siku moja wakatofautiana kwa nusu sentimita, na isiwe kwamba mmoja wao amekosea.

Wanafunzi wa hisabati watapenda kujua kwamba kiasi cha figo nacho hukadiriwa. Zidisha urefu kwa upana kwa unene, kisha uzidishe kwa 0.52, ambayo ni pai iliyogawanywa kwa sita, kwa kuwa figo huchukuliwa kana kwamba ina umbo la yai. Figo yenye sentimita 11 kwa 5 kwa 4.5 hupata takriban mililita 129. Bila shaka figo si yai, bali ni haragwe, kwa hiyo hesabu hiyo huelekea kupunja.

Sasa, kawaida ni ipi? Vitabu vingi vya udaktari hutaja urefu wa baina ya sentimita 9 na 12 kwa mtu mzima. Katika utafiti mmoja wa Denmark uliochapishwa mwaka wa 1993, watu wazima 665 waliojitolea walipimwa kwa mawimbi ya sauti, na urefu wa katikati ukawa sentimita 11.2 kwa figo ya kushoto na 10.9 kwa ya kulia. Figo ya kushoto aghalabu huizidi kidogo mwenzake. Tena figo hufuata kimo cha mwenyewe, na hupungua umri unaposonga mbele. Sentimita 9.5 kwa mama mfupi wa miaka sabini huenda isimshtue daktari hata kidogo, ilhali urefu huohuo kwa kijana wa futi sita ungemfanya aitazame picha mara ya pili. Kwa hiyo hata kabla hatujaingia katika lugha, "kawaida" ni neno linalodai kuulizwa: kawaida ya nani?

Neno lenyewe lina historia. Tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kanuni au misingi. Katika Kiswahili likapanuka likabeba pia maana ya mazoea, yaani jambo litendwalo kila siku, na hatimaye maana ya wastani. Kinywani mwa mpimaji, kawaida ni urefu uliomo ndani ya mipaka fulani ya sentimita. Sikioni mwa mgonjwa, kawaida ni salama, hakuna neno, nenda nyumbani. Kati ya kinywa na sikio hapo pana shimo, na mzee wangu alikuwa amesimama ukingoni.

Ukubwa wa figo na utendaji wake ni mambo mawili. Kisukari ni mfano mzuri, au niseme mfano mbaya. Katika hatua za mwanzo, figo za mgonjwa wa sukari huweza kuvimba kidogo, na hata madhara yanapoendelea ndani kwa ndani aghalabu hubaki na urefu ambao karatasi itauita wa kawaida. Uharibifu hujulikana kwa kupima mkojo ili kuona kama protini inavuja, na kupima damu ili kuona kiasi cha kreatinini, uchafu ambao figo nzima huuondoa. Picha haiyaoni hayo. Kazi ya picha ni nyingine, nayo ni kubwa: figo zilizonywea hadi chini ya sentimita 8, ganda lake likiwa jembamba, humwambia daktari kwamba madhara ni ya zamani na hayatarajiwi kurudi nyuma. Figo moja ikipungukiwa na mwenzake kwa zaidi ya sentimita moja na nusu, huenda mshipa wake wa damu umeziba. Na yapo maradhi ya kurithi yanayoijaza figo vifuko vya maji hadi ikapita kipimo chake kwa mbali. Pasipo picha, daktari angebahatisha. Kosa ni kumwachia mgonjwa hukumu ya picha peke yake, tena kwa neno moja.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za mambo haya. Hoja hiyo tumeisikia katika fizikia, katika sheria na katika benki, na kila mara imekuwa kisingizio cha uvivu. Tazama neno figo lenyewe. Kamusi za zamani zina pia nso, ambalo wengi wamelisahau. Lakini figo ni la ukoo wa Kibantu, na mkazi wa Thika anayezungumza Kikuyu nyumbani husema higo. Ni neno lilelile. Sauti iliyokuwa p katika lugha mama ya Kibantu imegeuka f kwa Mswahili mbele ya irabu ile, na h kwa Mkikuyu, kama vile fisi wetu alivyo hiti kwao. Mama aliyezaliwa Gatundu na mjukuu wake aliyezaliwa Ruiru wote wana jina la kiungo hiki vinywani mwao tangu kabla ya shule. Urefu, upana, unene, ganda, mwangwi, kuvimba, kunywea: kuna lipi hapa ambalo mwanafunzi wa darasa la sita hajalisikia?

Wala sheria haituzuii. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma, "pale inapowezekana". Maneno hayo mawili ya mwisho yanafaa kuchunguzwa. Ni mlango wa nyuma, na taasisi nyingi zimepitia humo. Ruiru ina hospitali yake ya Level 4 na Thika ina Level 5, na vituo vya watu binafsi vimejaa katikati. Mjini ambamo makanga, muuza nanasi na karani wa benki wote huelewana kwa Kiswahili kutwa nzima, haliwezekani lipi?

Siombi ripoti nzima ifasiriwe. Daktari anamwandikia daktari mwenzake, na Kiingereza chao kina kazi yake. Naomba sentensi tatu chini ya ukurasa, kwa Kiswahili sanifu: kilichopimwa ni nini, kilionekana vipi, na kipi hakikupimwa. Hiyo ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote. Badala ya "ziko kawaida", iandikwe: "Urefu wa figo umo katika mipaka inayotarajiwa kwa mtu wa kimo na umri wako. Picha hii haionyeshi jinsi figo zinavyofanya kazi." Walimu wa Kiswahili wa shule za upili wanaotafuta zoezi la ufupisho kwa wanafunzi wao wana hazina hapa, kuliko zile taarifa za mafuriko ya kubuni tunazozirudia kila muhula.

Mzee nilimwambia asiache hata kidonge kimoja, na arudi kliniki kupimwa mkojo na damu. Alinitazama kwa shaka, kwani nilikuwa nimempunguzia furaha aliyoinunua kwa pesa zake. Hata hivyo alikwenda. Wiki iliyofuata alirudi na karatasi nyingine, ya Kiingereza kama ile ya kwanza, ila nyuma yake tabibu mmoja kijana alikuwa ameandika kwa kalamu: "Mzee, protini imeanza kuvuja kidogo kwenye mkojo. Tumeongeza dawa moja. Rudi baada ya miezi mitatu, usikose." Safari hii hakuniomba nimsomee. Alikuwa amekuja kunionyesha tu.