Anayeandikwa Naye Asome



Huenda parokia yenu inajenga kigango au inamsomesha katekista kwa msaada wa marafiki walio mbali. Siku inafika, lazima mtu aketi awaandikie. Kazi humwangukia katibu wa halmashauri ya walei, naye huandika kama alivyoona wengine wakiandika: salamu ndefu, orodha ya shida, namba ya akaunti.

Kabla hujashika kalamu, fungua Waraka kwa Wafilipi, sura ya pili na ya nne. Paulo yuko kifungoni. Wafilipi wamempelekea msaada kwa mkono wa Epafrodito. Naye anawapa habari za mtu wao: aliugua, nusura afe, sasa amepona na anarudi kwao. Anakumbuka kwamba hata alipokuwa Thesalonike walimsaidia zaidi ya mara moja. Anakiri kwamba sasa anavyo vya kutosha, wala haombi vingine. Seminarini tulikaa sana kwenye utenzi wa sura ya pili. Hizi shukrani za mwishoni tulizipita mbio, kama watu wasikiavyo matangazo baada ya Komunyo.

Barua zimeibeba kazi ya misioni tangu hapo. Huko Lyon, Ufaransa, binti mlei Pauline Jaricot aliwapanga watu kumi kumi, kila mmoja akisali na kutoa senti yake kila juma. Kutoka hapo likazaliwa Shirika la Uenezaji wa Imani mwaka 1822, na barua za wamisionari zikachapwa ili wale watoaji wadogo wajue sadaka yao imefika wapi. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri mwaka 2022. Lakini tuseme ukweli: baadhi ya barua za zama zile zilituchora Waafrika kama watu wasio na lolote, maana huruma huvuta sadaka. Waliozisoma walikuwa mbali, walioandikwa hawakuziona.

Mimi nami nimetenda hivyo hivyo. Nikiwa paroko wa kijijini, upepo uliezua nyumba ya mama mmoja mjane. Nikawaandikia marafiki wa ng'ambo, nikatia picha yake ameketi chini, nikasema hana mtu. Fedha zilikuja. Baada ya miezi michache mwanawe aliyeko mjini akaiona barua ile kwenye simu, akamsomea mama yake. Mama akaja ofisini, hakupaza sauti. "Baba Paroko, asiye na mtu ni mimi? Na jumuiya walioniletea mabati ya kwanza, wao ni nani?"

Sikuwa na jibu. Jumuiya ndogo ndogo ile, watu wa jembe la mkono, walikuwa wamechanga kabla yangu, nami nikawafuta kwa sentensi moja ili barua ikolee. Niliwaandikia tena wale marafiki, safari hii nikiwa barazani kwake, nikimsomea kila mstari. Alinisimamisha mara mbili: niongeze habari za jumuiya, kisha nitoe neno "fukara".

Kwa hiyo, ndugu katibu, kabla ya kutuma, msomee uliyemwandika. Picha yake iombe kwanza kwake. Kama kisima kilichimbwa na maji hayakutoka, andika hivyo. Aliyetoa ana haki ya kujua, na akidanganywa leo hataamini kesho. Taja waumini wenu walichotoa wenyewe, hata kama ni mahindi debe mbili.

Wala usidhani wafadhili ni wazungu tu. Kila Oktoba, kwenye Dominika ya Misioni iliyoanzishwa na Papa Pio XI mwaka 1926, bibi wa kanisani kwako naye hutumbukiza noti yake kapuni. Dominika ijayo, mwambie kigango chenu kimefikia wapi, kabla hamjapitisha kapu lingine.