Tusingoje Ripoti ya Mwisho wa Muhula



Jioni moja wakati wa likizo ya shule, mke wa koplo mmoja aliye jirani yetu alibisha mlangoni kwangu kwa kishindo. Alikuwa ameshika karatasi mkononi, na leso yake ilikuwa inaburuta chini. "Mwalimu," akasema, kwani watu wa mtaa wetu bado huniita hivyo ingawa nimeacha chaki miaka kadhaa, "njoo upesi. Baba watoto amekwisha kufungua mshipi."

Mumewe alikuwa na siku tatu tu nyumbani. Alikuwa amerejea kutoka Somalia katika ile kazi ya kulinda amani ambayo majeshi yetu yaliianza mwaka 2007, naye alikaa huko mwaka mzima. Karatasi ile ilikuwa ripoti ya binti yao wa kidato cha kwanza. Niliisoma nikiwa njiani: Hisabati 1.9, Bayolojia 2.4, Kiingereza 2.2. Nilipoingia nilimkuta afande amesimama katikati ya chumba, na binti amejibanza nyuma ya mlango. "Mwaka mzima nimelala juu ya mchanga nikituma ada," akaniambia kwa uchungu, "na huyu ananiletea mbili!"

Nilimwomba aketi. Nikamweleza kwamba alama hizo hazihesabiwi kwa mia kama zilivyokuwa zetu. Kazi ya darasani hupimwa kwa kiwango ambacho kilele chake ni 3. Aliye karibu na 1 ameshika mambo ya msingi, aliye karibu na 2 yuko wastani, na aliye karibu na 3 amefanya vizuri sana. Binti yake hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa mtoto wa wastani mwenye kuelekea juu, aliyehitaji kutiwa moyo na kusaidiwa katika Hisabati.

Afande alinyamaza kitambo, kisha akamwuliza mtoto kwa sauti ya chini, "Mbona hukuniambia?" Mtoto akajibu, "Mwalimu alisema wazazi wataelezwa mkutanoni." Mama naye akasema, "Mkutano gani? Mimi sikuitwa." Likaletwa begi la shule, na chini kabisa, chini ya madaftari, tukaikuta barua ya mwaliko. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mama yule haisomi. Aliiona siku ilipoletwa, akadhani ni karatasi ya masomo, akamrudishia mwanawe.

Mshipi ulirudi kiunoni, na usiku ule tulikunywa chai pamoja. Lakini nilipofika kwangu sikupata usingizi upesi, kwa kuwa barua kama ile niliwahi kuiandika mimi mwenyewe.

Nilipotoka chuo cha ualimu na cheti changu, nilipangiwa darasa la sita katika shule moja ya msingi iliyopakana na kambi. Muhula wa kwanza niliwaandikia wazazi barua hamsini na kitu, kwa Kiingereza safi, niwaite tuzungumze juu ya watoto wao. Walikuja wanne. Katika chumba cha walimu nilisema kwa kiburi cha ujana kwamba watu wa kambini hawajali elimu. Mwalimu mmoja mzee akaniuliza swali moja tu: "Kambini wanazungumza lugha gani?" Nilijua jibu. Kiswahili ndiyo lugha ya gwaride, ya lindo, ya kantini na ya foleni ya maji. Muhula wa pili niliandika kwa Kiswahili, mistari sita, nikataja siku, saa na sababu. Chumba kilijaa hata wengine wakasimama dirishani. Wazazi walikuwa ni wale wale. Aliyekuwa amebadilika ni mwalimu.

Basi nimeona juma hili tuzungumze juu ya jambo hili, yaani uhusiano wa nyumbani na shule, hasa kwa watoto walio katika madarasa ya katikati, tangu darasa la sita hadi kidato cha pili.

Wazee wetu watakumbuka kwamba zamani baadhi ya madarasa hayo yalikuwa na shule zao wenyewe, zilizokuwa kati ya shule ya msingi na sekondari. Baada ya ripoti ya tume ya Castle ya mwaka 1963 mpango huo uliondolewa, ikawa miaka saba ya msingi, kisha sekondari. Shule za katikati zilikwisha, lakini umri wa katikati haukwisha. Mtoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano hajawa mtu mzima, wala si mtoto tena wa kushikwa mkono. Hapo ndipo mzazi hudhani kwamba mwanawe sasa anajiweza, na mtoto naye huona haya kuonekana na mzazi wake shuleni. Kila mmoja humwachia mwenzake nafasi, na katika nafasi hiyo mambo mengi hupotea: ada iliyoliwa njiani, rafiki mbaya, binti aliyeacha kwenda shule juma la tatu wala hakuna aliyegutuka.

Kuna sababu nyingine, nayo ni mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020. Sisi tuliosoma zamani tulizoea kwamba mwanafunzi hulala miaka mitatu, akaamka mwaka wa mtihani, akakesha na taa, akafaulu. Njia hiyo imefungwa. Watoto wa kwanza wa mtaala huu walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, na katika hesabu ya Baraza la Taifa la Mitihani asilimia 80 ilitokana na mtihani wenyewe, na asilimia 20 ikatokana na kazi zilizofanywa shuleni kabla ya siku ya mtihani. Mwanafunzi asiye na alama za kazi hizo hujiweka katika hatari ya kukosa cheti, hata akiwa hodari wa kukesha.

Maana yake kwa mzazi ni nini? Maana yake ni kwamba alama za mtoto sasa hudondoka kidogo kidogo kama maji ya bomba bovu. Anayeweka ndoo chini mapema huyapata, na anayekuja mwisho wa mwaka hukuta matope. Kazi za namna hiyo huhitaji vitu vya nyumbani: kipande cha ubao, mbegu, gazeti kuukuu, ruhusa ya kwenda sokoni kuuliza bei. Mtoto anayeambiwa "niondolee takataka hizi" huenda anaondolewa alama zake. Ni kweli kwamba tabia ya kufanya kazi hizo hujengwa kidato cha kwanza na cha pili, kabla joto la mtihani halijafika. Samaki mkunje angali mbichi.

Sasa nawageukia maafande na wake zao, kwa maana nyumba za askari zina taabu ambazo nyumba nyingine hazina. Ya kwanza ni kwamba baba, na siku hizi mara nyingi mama pia, huwa mbali. Simu yake huzimwa kazini, nayo ndiyo namba pekee iliyoandikwa katika daftari la shule. Mtoto akiugua saa nne asubuhi, mwalimu hupiga simu inayolia katika pori ambalo hakuna wa kuipokea. Kwa hiyo kila familia na ipeleke shuleni namba mbili: ya mzazi, na ya mtu mwingine anayeishi karibu, awe mama, shangazi, au mke wa askari mwenzako mnayeaminiana. Mtu huyo atambulishwe kwa mwalimu wa darasa kwa sura, ili asije akafukuzwa mlangoni siku ya dharura.

Ya pili ni uhamisho. Amri hutoka Jumatatu, na Alhamisi vyombo viko juu ya lori. Godoro hukumbukwa na sufuria hukumbukwa, lakini kumbukumbu za mtoto husahauliwa. Kabla lori halijaondoka, mzazi mmoja na aende shuleni kuchukua barua ya uhamisho, ripoti zote za nyuma, na nakala ya alama za kazi za darasani. Mtoto anayefika shule mpya mikono mitupu huanza upya, na kazi aliyoifanya mihula miwili huwa kana kwamba hakuifanya. Karatasi hizo ziwekwe pamoja na hati za kazi za baba, si ndani ya sanduku la nguo. Na ikiwa mtoto yuko mwaka wa mtihani, fikirini kwa makini kama yafaa abaki kwa mtu mwaminifu hadi amalize.

Ya tatu ni ukali. Askari amezoea amri kutii. Lakini daftari halikaguliwi kama bunduki, mara moja kisha basi. Wengi wetu swali letu la pekee kwa mtoto ni "Umekuwa wa ngapi?" Swali hilo huja mara tatu kwa mwaka, nalo humfundisha mtoto kuficha. Bora maswali madogo ya kila juma: Mmefanya kazi gani? Nionyeshe. Ni wapi hukuelewa? Mwalimu ameandika nini hapa kwa wino mwekundu? Mzazi asiyesoma lugha ya daftari hashindwi kuona kama kurasa zimejaa au ni tupu, kama kazi imesahihishwa au imeachwa. Aliye mbali naye anaweza. Dakika tano za simu Jumapili, mtoto akasoma aya moja na baba akasikiliza, zina nguvu kuliko hotuba ya saa nzima siku ya likizo.

Tena lipo somo moja ambalo askari anaweza kuwa mwalimu wa mwanawe. Mtaala wa mwaka 2020 uliweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili. Watoto wengi nchini hukisikia kwa mara ya kwanza darasani, na shule nyingi zina upungufu wa walimu wake. Watoto wetu wa kambini wamezaliwa ndani yake. Hata hivyo kile cha gwaride hakitoshi. Keti na mwanao, someni pamoja ukurasa huu wa gazeti, mwulize ngeli za maneno, na akikusahihisha usione haya. Siku hiyo atajua kwamba masomo ya shule yana nafasi ndani ya nyumba yake.

Juu ya mikutano, nasema neno moja. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inawataja wazazi na walezi miongoni mwa wenye dhamana ya elimu: kumwandikisha mtoto, kumpa malezi, chakula, mavazi na matibabu, na kushiriki katika kuisaidia shule. Kushiriki si kulipa tu. Wapo wazazi wanaokwenda mkutanoni pale tu ada inapopandishwa, wakagomba, wakaondoka. Nendeni pia siku ambayo hakuna ugomvi. Ulizeni chakula cha mchana kinapikwaje, vyoo vya wasichana vina milango, mwalimu wa Hisabati yupo au hayupo. Mwenye cheo akumbuke kwamba pale yeye ni mzazi kama wazazi wengine. Mwalimu kijana huogopa nyota za begani, na mwalimu aliyeogopa hatakuambia kweli juu ya mwanao.

Nanyi walimu wenzangu wa zamani, msidhani nimewasahau. Andikeni barua fupi, kwa lugha ambayo nyumba ile inaisoma. Chini ya ripoti wekeni mistari miwili inayoeleza alama ni za ngapi na maana yake nini. Msimwite mzazi siku ya shari tu. Mzazi aliyeitwa mara tatu, zote kwa mashtaka, mara ya nne hatakuja. Mpelekeeni habari njema walau mara moja kwa muhula, hata ikiwa ni kwamba mtoto amejifunza kufika mapema. Na mkutano upangwe siku ambayo watu wa lindo wanaweza kupokezana.

Mama yule wa jirani sasa amepata dawa yake. Kila Ijumaa binti humwaga begi lote mezani, na kila karatasi husomwa kwa sauti, binti akifasiri na mama akisikiliza. Ile isiyoeleweka huletwa kwangu. Muhula uliofuata mama alihudhuria mkutano, akaketi mstari wa mbele, akauliza swali kwa Kiswahili, na mwalimu mkuu akamjibu kwa Kiswahili. Afande alipopigiwa simu kuelezwa, nasikia alicheka sana, kisha akauliza, "Na Hisabati je?" Akajibiwa kwamba imetoka 1.9 ikafika 2.3. Safari hii hakuhitaji mtu wa kumweleza.

Wasomaji wangu, mwaka wa shule ni mrefu, na ripoti huja mwisho wake. Ukiingoja ripoti ndipo umjue mwanao, utakuwa unasoma habari za mambo yaliyokwisha kupita. Leo jioni, kabla ya chakula, lifungueni begi la shule.

Tuonane juma lijalo.