Gari la Vipande na Mikono ya Mtoto

Mtoto wa Yakobi hana haja ya kufundishwa gari ni nini. Malori ya mbao ameyazoea, na jioni naye hutoka na lake: chesisi ya waya, magurudumu ya soli za kandambili, na fimbo ndefu yenye usukani, ambao huuzungusha huku akikimbia nyuma ya gari lake. Litazame kwa makini lipindapo kona. Magurudumu ya mbele hugeuka kweli kweli, kwa kuvutwa na waya ulioshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye ekseli. Uhandisi huo hakuusoma katika kitabu chochote.

Nayataja haya kwa sababu wako wazazi ambao, wakijaliwa fedha kidogo, hupenda kumnunulia mtoto gari liendeshwalo kwa mawimbi ya redio. Magari hayo ni ya namna mbili. Lipo lililokwisha kuundwa, ambalo aghalabu likiharibika huishia uvunguni mwa kitanda, maana vipuri vyake havipatikani. Na lipo la vipande, lijalo ndani ya sanduku na mifuko ya skrubu, gia, mota na kitabu cha michoro. Mimi nalipendelea hili la pili.

Watu wa Njombe, waliozungukwa na misindano na miwati, watafurahi kusikia kwamba kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, mojawapo ya zile mashuhuri katika kazi hii, ilianza mwaka 1946 ikipasua na kuuza mbao. Baadaye ikatengeneza mifano ya meli kwa mbao hizo hizo, na mwaka 1976 ikatoa gari lake la kwanza la redio la kuunganisha nyumbani, mfano wa Porsche 934. Mwaka huo huo ndipo reli ya TAZARA, ipitayo Makambako, ilipokabidhiwa rasmi.

Je, gari hilo hufanyaje kazi? Rimoti hutuma mawimbi, kipokezi kilichomo garini huyanasa, kisha huamuru mota iongeze mwendo au ipunguze. Kipo pia kimota kidogo chenye mkono, kiitwacho sevo. Ukigeuza usukani wa rimoti, mkono huo nao hugeuka kwa kiasi kile kile na kuvuta vyuma vya magurudumu ya mbele. Basi tofauti iko wapi na gari la waya? Fimbo tu ndiyo iliyoondolewa!

Lakini jambo linaloniudhi ni hili. Sanduku likifunguliwa, baba hunyakua bisibisi. "Ngoja, mwanangu, utavunja." Mtoto aliyeunda gari zima kwa waya na kisu butu anageuzwa kuwa mshika taa, na dada yake hata taa hapewi, anatumwa jikoni. Baada ya siku mbili baba ana gari, mtoto ana kitu cha kutazama. Fedha hiyo imenunua nini?

Mwache asome michoro mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, na kila mfuko wa skrubu umwagwe katika sahani yake. Kazi yako, mzazi, ni kuonya mahali pachache. Skrubu iingiayo kwenye plastiki isikazwe mara ishikapo, kwani plastiki huliwa. Gia ya mota na gia kubwa zisibanane: weka ukanda wa karatasi kati yake, kaza mota, kisha utoe karatasi, nafasi iliyobaki inatosha. Kabla ya kufunga mkono wa sevo, washa mitambo ili sevo ijiweke katikati, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Rimoti huwashwa kwanza na kuzimwa mwisho, gari lisije likakimbia bila dereva. Betri za lithiamu zisichajiwe usiku watu wamelala. Tena baridi ya Juni na Julai huzipunguzia nguvu, basi msishangae safari ikiwa fupi.

Muulize mwuzaji kama rimoti, betri na chaja vimo ndani ya sanduku. Mara nyingi havimo, na bei yake si ndogo. Ikiwa gharama hiyo inagusa ada au chakula, liacheni. Mota ya redio-kaseti iliyokufa, betri mbili na swichi, vikifungwa kwenye gari lile lile la waya, vitampa kijana kazi ya likizo nzima, na ekseli ya nyuma itamsumbua vya kutosha.

Likikamilika, lolote kati ya hayo mawili, lijaribiwe katika uwanja wa mpira, mbali na njia ya malori. Na dada mtu awe wa kwanza kushika rimoti, ikiwa gia alizifunga yeye.