Bunduki ikisha kuwa sanamu, hairudi tena vitani

Ndugu wachimbaji, ninyi mama wenye kutwanga mawe, na ninyi watoto wenye munasomea wazazi gazeti hili nyumbani: kuko swali moja ambalo viongozi wetu hawapendi kuulizwa. Bunduki zenye vijana wanarudisha zinaenda wapi?

Tangu mwezi wa saba 2021 inchi yetu iko na programu inaitwa P-DDRCS, ya kunyanganya silaha na kurudisha wapiganaji katika maisha ya raia. Mbele yake kulikuwa zingine, zenye majina mengine. Kila mara tunaona picha ileile: vijana wamepanga mistari, bunduki zimelala chini, wakubwa wanasema hotuba. Kiisha bunduki zinapakiwa, zinafungwa katika depo. Lakini depo iko na kufuli, na kufuli iko na mwenye ufunguo. Ndiyo maana mutu wa kijiji anasitasita. Anajiuliza: nikitoa yangu leo, nani ataniapia kwamba kesho haitakuwa katika mikono ya jirani, imenielekea mimi?

Kwa maoni yangu jibu liko kwa wafua chuma. Bunduki yenye itarudishwa ikatwe vipande mbele ya watu, palepale ilipotolewa. Vipande vipewe mafundi wa moto na nyundo. Wafue majembe, na kwa chuma chenye kitabaki wafue sanamu kubwa ya kusimama wazi, pahali kila mutu anapita. Bunduki ya depo imelala tu. Ile yenye imekuwa mguu wa sanamu imekufa, na kila mwenye anapita anaweza kuhesabu.

Ninasema hivi nikifikiri Bijombo, huko juu ya Uvira, katika Hauts Plateaux. Huko Banyamulenge, Bafuliru, Bavira na Banyindu wameishi milima ileile, masoko yaleyale. Tangu 2018 vijiji vya pande zote vilichomwa, ngombe zikanyanganywa, watu wakakimbia na kulala katika mahema karibu na kambi ya MONUSCO. Mwezi wa sita 2024 MONUSCO ikamaliza kazi yake katika Sud-Kivu. Kila kabila iko na vijana wenye silaha, na kila kijana anasema: mimi ninalinda wangu. Hakuna mwenye anasema ukweli wote, na hakuna mwenye anasema uongo wote. Juu ya hiyo, mutu mmoja hawezi kuweka silaha chini peke yake.

Mutu wa Kamituga ao wa Misisi atasema: hiyo ni mambo ya Bijombo, mimi ninachimba zahabu yangu. Hapana, ndugu. Wewe unajua barriere. Unajua mfuko wa mawe hautoki kwenye shimo mpaka mwenye bunduki apate yake. Bunduki hailimi, haichungi, haichimbi. Inakula jasho ya mwenye kulima, mwenye kuchunga na mwenye kuchimba. Kila bunduki yenye inakatwa katika milima inapunguza mkono mmoja wenye kunyooshwa mbele ya shimo lako.

Na kuko inchi yenye ilijaribu. Mozambique ilimaliza vita yake tarehe 4 mwezi wa kumi 1992. Milioni ya silaha zilibaki zimefukiwa katika mashamba na katika mapaa ya nyumba. Mwaka wa 1995 Baraza la Makanisa la inchi ile, na Askofu Dinis Sengulane mbele, likaanzisha kazi ya kubadilisha silaha kuwa majembe. Mwenye alileta bunduki alipewa jembe, ao kinga, ao mashini ya kushona, ao mabati ya nyumba. Bunduki ziliharibiwa, na vipande vikapelekwa kwa wasanii wa Maputo. Mmoja wao, anaitwa Kester, alitengeneza kiti cha ufalme mwaka wa 2001, kizima kwa vipande vya bunduki. Wengine wakaunganisha Mti wa Uhai, mti wa chuma wenye uzito wa karibu nusu tani. Angalieni jambo moja: katika kile kiti, hakuna bunduki hata moja yenye ilitengenezwa Afrika. Zote zilitoka mbali, zikaua hapa.

Hata kwetu wazo hili si geni. Katika Katanga ya kaskazini, kisha vita ya Mai-Mai, PAREC ya Pasta Ngoy Mulunda ilipokea bunduki na kutoa kinga. Kule Kinshasa, Freddy Tsimba, mzaliwa wa 1967, amechomelea maganda ya risasi, vijiko na mapanga mpaka yakawa sura za watu.

Lakini kuko kitu kinaniuma, na mchimbaji atanielewa haraka kuliko mutu mwingine. Kiti cha Kester na Mti wa Uhai viko wapi leo? Viko London, katika British Museum. Na ile sanamu ya Tsimba inaitwa Porteuse de vies, mwaka wa 2018 iliwekwa Paris, kwenye Palais de Chaillot. Siwalaumu wasanii, nao wanapashwa kula, na heshima waliipata. Lakini zahabu yetu inatoka hapa na kuenda, koltani inatoka na kuenda. Je, hata chuma chenye kilituua, na hekima ya kukigeuza, navyo viende? Mtoto wa Bijombo asiombe visa ili aone bunduki ya baba yake imekufa. Sanamu yetu ibaki mlimani, ao ishuke mpaka Uvira, si mbali zaidi.

Najua wenye watasema: watu wako na njaa, wewe unaleta sanamu. Ni haki kuuliza. Ndiyo maana nilisema jembe mbele. Mwenye anarudi katika kijiji chenye kilichomwa hana kitu: panga, jembe na shoka vilienda na moto. Kwa hiyo tanuru ianze na hivyo. Sanamu ifuliwe na mabaki, na isichukue hata franga moja ya mbegu. Wengine watasema: sanamu haileti amani. Kweli, hailete. Amani inaletwa na watu wenye kukaa chini na kupatana juu ya malisho, mashamba na uongozi. Sanamu ni kama karatasi ya kuuzisha kiwanja: si yenyewe inafanya mapatano, lakini bila yenyewe kesho kila mutu atakana.

Tuanzie wapi? Tusingoje bunduki. Mabati yenye yaliungua, majembe yenye yalivunjika, lame za ressort za gari zenye zimelala kando ya barabara: chuma kiko. Katika machimbo yetu kuko mafundi wenye wananoa burin asubuhi na mangaribi. Wanajua rangi ya chuma yenye iko tayari kupigwa, wanajua wakati wa kukitia katika maji. Koperative zetu zinaweza kutuma mafundi wachache huko juu, na makaa, na mivukuto. Huko wakute wafua chuma wa Banyamulenge, wa Bafuliru, wa Bavira na wa Banyindu, tanuru moja, fuawe moja. Mmoja ashike koleo, mwingine apige nyundo. Kazi hii haifanywi na mutu mmoja, na mwenye kupiga anapashwa kumuamini mwenye kushika.

Neno moja la kuangalisha, na wazazi walisikie vizuri. Risasi yenye haijalipuka, grenadi, bomu, visiguswe na vifika hata siku moja karibu na moto. Hiyo ni kazi ya wenye walifundishwa kuvilipua. Fundi apewe tu chuma chenye wao wamekwisha kukagua na kukata. Na watoto wasitumwe kuokota.

Basi ninawaomba wenye kuongoza P-DDRCS katika Sud-Kivu jambo dogo lenye halina bei kubwa. Siku yenye bunduki zitarudishwa Bijombo, makabila yote siku moja, msilete gari la kuzipakia tu. Leteni msumeno wa chuma. Wafua chuma wasimame pale, wazee wa kila upande wahesabu vipande kwa sauti, na jioni hesabu yao iwe sawa na yenu.