Jikoni na Watoto: Barafu za Maembe na Malambe



Joto limefika. Hapa Dzaleka kila mtu anaujua mwezi wa kumi: vumbi, upepo wa moto, mabati yanachoma mchana kutwa, na mvua bado. Watoto wakitoka shule wanakimbilia zile barafu za rangi, nyekundu na kijani. Si vibaya mtoto kufurahi. Lakini ukiangalia ndani ni maji, sukari na rangi tu, tunda hakuna. Na hayo maji yalichemshwa ama hapana? Mtoto hajui, mzazi naye hajui.

Mwezi huu tutengeneze zetu nyumbani. Ila kabla ya mapishi, sisi walimu tuna jambo la kuungama.

KOSA LETU

Desemba iliyopita tuliwatengenezea watoto wa darasa letu barafu za maembe, kwa sherehe ndogo ya kufunga masomo kabla ya Noeli. Ndoo ya kwanza tulichemsha maji vizuri. Ndoo ya pili makaa yakaisha. Muda ulikuwa umekwenda, mwenye frigo anatungojea, tukaambiana: "Si yataganda? Baridi itaua vijidudu." Tukatia maji ya bomba vilevile, kwenye ndoo ambayo hatukuijua ilibeba nini jana yake.

Kesho yake watoto watatu wakaanza kuhara. Hakuna aliyepima zile barafu, lakini wote watatu walikula za ndoo ya pili. Mmoja, msichana wa miaka sita, alilala siku mbili kwenye kituo cha afya akiwekewa maji ya mshipa. Tulipokwenda kumwona, mama yake hakutugombeza. Alisema tu: "Walimu, mimi nilimleta kwenu asome." Tulikosa cha kujibu. Mungu alisaidia, mtoto akapona, na mpaka leo yuko darasani.

Kwa hiyo tunasema kwa sauti: BARAFU HAIUI VIJIDUDU. Baridi inavilaza tu. Barafu ikiyeyuka tumboni, vingi vinaamka na kuendelea na kazi yao. Kinachoviua ni moto. Tukumbuke ile kolera iliyoanza hapa Malawi mwezi Machi 2022: iliua watu zaidi ya 1,700 katika nchi nzima. Ugonjwa ule unapita kwa maji na chakula kichafu, na barafu nayo ni maji.

KABLA YA KUANZA

1. Chemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu, siyo kutoa mvuke tu. Yaache yapoe kwenye sufuria ileile, imefunikwa.
2. Nawa mikono kwa sabuni. Osha matunda kabla ya kuyamenya, manake kisu kinabeba uchafu wa ganda na kuuingiza ndani.
3. Vikombe, kichujio na kijiko uvisuuze kwa maji ya moto.
4. Makaa yakiisha, subiri kesho. Usifanye kama sisi.

BARAFU ZA MAEMBE

Maembe ya kwanza yanaanza kuonekana sokoni, na kufikia Desemba yatajaa na bei itashuka. Chagua yaliyoiva sana, hata yale yenye doa ambayo muuzaji anayatoa kwa bei ndogo. Kata doa, sehemu iliyobaki ni nzuri.

Mahitaji: maembe makubwa 4, maji yaliyochemshwa na kupoa vikombe 2, ndimu 1, sukari vijiko 2 vya chakula.

Menya maembe, yaponde kwa mwiko mpaka yalainike, kisha uyapitishe kwenye kichujio ili nyuzi zibaki. Tia maji, sukari na maji ya ndimu, koroga. Onja: iwe tamu kidogo kuliko unavyopenda, kwa sababu kitu kikiwa baridi sana ulimi hausikii utamu vizuri. Lakini usizidishe, sukari nyingi inafanya barafu ibaki laini, isigande.

Mimina kwenye vikombe vidogo vya plastiki au vya bati na uache nafasi ya kidole kimoja juu, manake maji yakiganda yanavimba. Baada ya saa moja hivi, zikianza kuwa nzito, simika kijiti kisafi katikati. Ukitaka kuitoa, shika kikombe mikononi kidogo, itaachia. Vikombe ni vizuri kuliko mifuko: unaviosha na kuvitumia tena, na mifuko haitapakai njiani.

BARAFU ZA MALAMBE

Wengi wetu tulipofika Malawi hatukuyajua malambe. Ni tunda la mbuyu, na wenzetu waliotoka Tanzania wanaliita ubuyu. Huku mibuyu ni mingi upande wa ziwa, Salima na Mangochi, na unga wake unauzwa sokoni. Ni mchachu, na una vitamini C nyingi.

Mahitaji: unga wa malambe kikombe 1, maji yaliyochemshwa vikombe 4, sukari nusu kikombe.

Ngoja maji yawe vuguvugu ndipo utie unga, kwa sababu moto mwingi unapunguza vitamini C. Koroga mpaka madonge yaishe, tia sukari, chuja, gandisha kama za maembe. Ukinunua yenye mbegu, yaloweke kwanza kwenye maji hayohayo ya vuguvugu, uyasugue kwa kijiko mpaka mbegu ziachie nyama yake.

NDIZI KWENYE KIJITI

Hii ni rahisi kuliko zote, haihitaji hata tone la maji. Menya ndizi iliyoiva, ikate mara mbili, chomeka kijiti, gandisha usiku mzima. Inakuwa laini kama aiskrimu. Kwa mama mwenye makaa machache, hii ndiyo ya kuanzia.

FRIGO TUTAITOA WAPI?

Tunajua swali hili. Nyumba nyingi hazina frigo, na umeme wenyewe unakatika. Tumejaribu njia mbili.

Ya kwanza ni kushirikiana. Familia nne au tano mnaweka vikombe vyenu pamoja kwa jirani au mwenye duka, mnachanga kidogo kumlipa. Kila familia ifunge uzi wa rangi yake. Umeme ukikatika na barafu zikayeyuka, zinyweni siku ileile kama juisi. Msizigandishe tena.

Ya pili ni barafu na chumvi. Nunua kilo 3 za barafu, uivunje vipande vidogo kwenye ndoo pamoja na kilo 1 ya chumvi. Ndani yake simika kopo la bati lenye juisi, limefunikwa. Chumvi inafanya barafu iyeyuke huku ikizidi kuwa baridi, kuliko barafu yenyewe ilivyokuwa. Zungusha kopo na ukoroge juisi kila baada ya muda mfupi. Kwa kopo dogo, nusu saa mpaka dakika 40 inatosha, juisi inakuwa nzito ya kula kwa kijiko. Angalia tu maji ya chumvi yasiingie ndani. Watoto wa darasa letu walipoona hivi walishangaa sana, na somo la sayansi siku hiyo halikuwa na msinziaji.

MTOTO AKIHARA

Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi barafu wala maji, ni ziwa la mama tu. Mkubwa kidogo akianza kuhara, mchanganyie: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Mpe kidogokidogo, mara nyingi, huku mnakwenda kituo cha afya. Akihara maji meupe kama ya kuoshea mchele, msingoje asubuhi.

Yule msichana tuliyemtaja, wiki iliyopita tulitengeneza tena barafu darasani. Yeye ndiye alikaa karibu na sufuria. Kila mtu aliyetaka kuchota alimwambia: "Bado! Hayajatokota." Tukangoja.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kukausha maembe yasioze. Kaeni salama.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea.