Dhahabu ya Kilwa, Ngome ya Mombasa: Mwamko ni wa Nani?

Mwanafunzi anayetoka Junda kwenda kuiona Ngome ya Yesu hupita Kisauni na Kongowea, kisha huvuka Daraja la Nyali ndipo aingie kisiwani. Aghalabu huwa hajui kwamba Kongowea, ambalo leo ni jina la soko na mtaa wa bara, ni jina kongwe la mji wa Mombasa wenyewe, mji ambao mapokeo yanaunasibisha na malkia Mwana Mkisi. Afikapo ngomeni huelezwa habari za mizinga, za unene wa kuta, na za wafungwa waliotiwa humo enzi za Mwingereza. Haelezwi, au huelezwa kwa upesi tu, kwamba amesimama ndani ya kazi ya sanaa ya Mwamko wa Ulaya, ule unaoitwa Renaisansi.

Kosa hili si la waongozaji wa wageni peke yao. Katika madarasa ya fasihi ya Kiswahili, Mwamko hutajwa kama jambo la Florence na Roma, likatengwa kwa aya moja, kisha mhadhara ukaruka hadi karne ya 18 na miswada ya Pate. Karne nne zilizotangulia, za 14 hadi 17, huachwa kama kwamba pwani hii ilikuwa imelala. Ukweli ni kinyume cha hivyo. Pwani ilikuwa macho, na sehemu ya utukufu wa Mwamko huo ilitokana na mali yake.

Ngome ilijengwa kati ya mwaka wa 1593 na 1596 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, msanifu majengo wa Milano aliyekuwa akimtumikia mfalme aliyetawala Uhispania na Ureno kwa pamoja. Wasanifu wa Kiitalia wa wakati huo waliamini kuwa uwiano kamili unapatikana katika mwili wa mwanadamu, na kwamba jengo jema sharti lifuate uwiano huo. Ndiyo sababu ngome hiyo, ikitazamwa kutoka angani, hufanana na mtu aliyelala chali. UNESCO ilipoiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2011, ilizingatia hoja hii hii. Kwa hiyo fikra iliyomtukuza binadamu haikubaki katika picha za makanisa ya Ulaya tu. Ilichongwa katika matumbawe ya Mombasa, ikatiwa mizinga, na ikaelekezwa kwa binadamu wengine.

Hao binadamu wengine hawakuwa washenzi wa porini. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka wa 1331 akawaona watu wa dini, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Kilwa, wakati huo huo, ilikuwa na Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka wa 1498, mfalme wa huko alikuja kumlaki kwa mapambo na ala za muziki, zikiwamo siwa mbili za pembe za ndovu zilizochongwa, zenye urefu wa mtu mzima. Siwa haikuwa ala ya kuchezea. Ilikuwa kauli ya enzi, na yeyote aliyeisikia alijua ni nani anayetawala. Sanaa na mamlaka, basi, hazikungoja meli za Kireno ndipo zikutane katika pwani ya Waswahili.

Miaka minne tu baadaye, mwaka wa 1502, da Gama alirudi akiwa na merikebu za vita, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ina kisa ambacho kila mwanafunzi wa Kiswahili angepaswa kukijua. Mfalme Manuel wa Ureno aliagiza itengenezwe chombo cha ibada, na mwaka wa 1506 kikakamilishwa na sonara Gil Vicente. Chombo hicho kinaitwa Custódia de Belém, kimehifadhiwa Lisbon katika jumba la taifa la sanaa za kale, na Wareno wanakihesabu miongoni mwa fahari zao kuu. Linalozidi kuvutia kwa mtu wa fasihi ni kuwa wataalamu wengi wanaamini sonara huyo ndiye yule yule Gil Vicente anayeitwa baba wa tamthilia ya Kireno. Wasomaji wa Kiswahili wameijua Venisi kwa kalamu ya Mwalimu Nyerere tangu mwaka wa 1969. Lisbon, iliko dhahabu ya Kilwa, hawaijui.

Kati ya kodi ile na kukamilika kwa chombo hicho ilipita Julai na Agosti ya mwaka wa 1505, Francisco de Almeida alipoipiga Kilwa, kisha akauteketeza mji wa Mombasa. Masimulizi ya watu waliokuwa katika msafara huo yanataja nguo za hariri na za nyuzi za dhahabu, na mazulia, ambayo moja lilikuwa zuri kupita kiasi hata likatengwa lipelekwe kwa mfalme wa Ureno. Anayeuliza sanaa ya Mombasa ya karne ya 15 iko wapi ana sehemu ya jibu hapo: nyingine iliungua, nyingine ilipakiwa merikebuni.

Kisha ukaja utenzi. Luís de Camões alichapisha Os Lusíadas mwaka wa 1572, na humo Mombasa imechorwa kama mji wa hila, ambako Bacchus anajigeuza kuhani ili awanase mabaharia, naye Venus na binti za bahari wanazizuia merikebu zisiingie bandarini. Malindi, kwa upande wake, ndiyo ya wema. Tena mfalme wa Malindi amepewa kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa: yeye ndiye msikilizaji ambaye da Gama anamsimulia historia nzima ya Ureno, katika nyimbo tatu kamili za utenzi huo. Utenzi mkuu wa taifa la Ulaya unamhitaji Mswahili aketi asikilize. Yeye mwenyewe hasimulii chochote cha kwao. Uhakiki wa Kiswahili, ambao kwa miaka mingi umejishughulisha na usawiri wa mwanamke na wa mnyonge, una haki ya kuushughulikia usawiri huu pia.

Wako watakaopinga kwamba hayo ni ya idara ya historia, na kwamba pasipo matini ya Kiswahili hapana fasihi ya Kiswahili. Pingamizi hili lina uzito, nalo linarejesha ule mjadala mkongwe wa fasihi ya Kiswahili na fasihi ya Waswahili. Hata hivyo matini zipo. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zina maandishi pande zote mbili, jina la sultani upande mmoja na kauli ya kumtegemea Mungu upande wa pili, na pande hizo hupatana kwa vina. Lugha ni Kiarabu, lakini kina ni kina, na mtu aliyekuwa na sarafu mfukoni alibeba mishororo miwili iliyotungwa kwa ajili ya dola. Iko pia Tarehe ya Kilwa, ambayo João de Barros aliipata na kuitia muhtasari wake katika historia aliyoichapa mwaka wa 1552. Mwanachuoni wa Mwamko alimsoma mwanachuoni wa Kilwa. Iweje warithi wa huyu wa pili wasimsome?

Matini nyingine iko juu ya lango la Ngome yenyewe, nayo haihitaji safari ya Lisbon. Ni jiwe la mwaka wa 1639 la kapteni Francisco de Seixas de Cabreira. Historia iliyo nyuma yake ni ya Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan, aliuawa mwaka wa 1614 na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto alilelewa Goa na mapadri wa Kiagustino, akabatizwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa atawale Mombasa kwa niaba ya waliomlea. Agosti 1631 alimuua kapteni wa ngome na kuitwaa. Mwaka uliofuata akaiacha, akawa haramia wa baharini hadi kufa kwake. Elimu aliyopewa ili atii ndiyo iliyomfundisha ngome ile inaingilika wapi. Idara yenye nafasi ya kusomesha Makbeth haiwezi kukosa nafasi ya kumsomesha yeye.

Jiwe lile linamwita mfalme dhalimu. Kapteni anajisifu humo kwamba alipewa ngome akiwa na umri wa miaka 27, akaikarabati, akaiadhibu miji ya Pate na Siyu hadi kubomoa kuta, na akawaadhibu pia Muzungulos, jina ambalo Wareno waliwapa watu wa bara, upande ule ule iliko Junda. Ni majigambo, na yangeweza kuwekwa katika kozi ya ushairi kando ya majigambo ya Kiafrika bila kuona haya. Karne haikuisha kabla Pate haijajibu, ingawa haikumtaja kapteni. Mwaka wa 1728 Mwengo wa Athumani aliandika huko Chuo cha Herekali, utendi wa vita kati ya Waislamu na Warumi Wakristo. Wahakiki wamezoea kuusoma kama hadithi iliyotoka Arabuni. Usomwe mara moja na mtu aliyetoka kuliangalia jiwe la langoni, aone Warumi wale wanafanana na nani.